Elimu ya Bustani na Habari Zake Katika Nchi ya Embu

Wazee na wanachama, katika maombi ya karo yaliyoletwa mbele ya Halmashauri kutoka Kanja na kandokando yake, yamo ya vijana watakao kusomea kilimo cha bustani, yaani miti ya matunda, mboga na maua. Wajumbe wengine waliuliza kwa nini fedha za chama zimpeleke mtoto chuoni ili arudi kwenye jembe. Swali hilo ni la zamani, nalo halikuzuka bure.

Katika Kenya Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930, na ruhusa ilipotolewa ilianzia Embu, Meru na Kisii, kwa miche michache na usimamizi mkali. Bwana shamba akajulikana kuwa mtu wa amri: chimba matuta, ng'oa hiki, usipande kile. Na elimu yenyewe? Shule ya kilimo ya Njoro, aliyoianzisha Lord Egerton mwaka 1939, ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Mwafrika alifundishwa zaidi kuwa msaidizi, achukue maagizo ya mwingine. Si ajabu, basi, mzazi aliyelipa karo kwa kahawa yake alitaka mwanawe awe karani au mwalimu.

Mambo yaligeuka polepole. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima wengi mazao ya biashara, na mwaka 1967 serikali huru iliunda shirika la mazao ya bustani. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichojengwa kwa msaada wa Japani, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981, na elimu ya bustani ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Chuo chetu cha kilimo cha Embu nacho kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2011, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016.

Lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko majengo ni mmakadamia. Mti huu wa Australia uliletwa karibu na Thika katika miaka ya 1940. Waliopanda kokwa walipata taabu, kwa kuwa mche haufuati mama yake: mmoja huzaa sana, jirani yake hutoa karanga duni, na miaka hupita kabla mwenye shamba hajajua alilopata. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Thika walichagua miti mama iliyo bora, wakakata vitawi vyake na kuvipachika juu ya miche mingine, ili kila mti uzae kama ule uliochaguliwa. Aina hizo zikapewa alama za wilaya: KRG-15 ya Kirinyaga, MRG-20 ya Murang'a, na EMB-1 ya Embu. Wazee wenye miti hiyo kwao wanajua tofauti yake sokoni.

Haifai kuficha kwamba ajira ya serikali ilipungua tangu miaka ya 1990. Aliyesomea kazi hii sasa huweza kuwa na kitalu chake, kukagua mazao ya ng'ambo, kutibu magonjwa ya mimea au kufanya utafiti. Kwa wengine mwanzo huwa mgumu, na mshahara hukawia.

Maombi ya vijana hao yatasomwa pamoja na mengine katika Mkutano Mkuu, nayo Halmashauri yaomba yapimwe kwa kipimo kile kile cha ualimu na uuguzi.