Sikukuu Huandaliwa Wakati wa Mavuno

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: KALENDA, GHALA, DAFTARI.

Swali letu la leo ni hili. Kwa nini hapa Songea sikukuu ya mwisho wa mwaka huleta furaha siku moja, kisha wasiwasi wa miezi mitatu? Wengi husema, "Ni umaskini." Jibu hilo si kamili. Tuiulize historia.

Kwanza, KALENDA. Mvua za Songea huanza Novemba au Desemba, nazo huendelea mpaka Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia Mei au Juni. Kwa hiyo tangu zamani wakati uliofaa kwa harusi na ngoma kubwa ulikuwa kiangazi. Ghala limejaa, na jembe limepumzika.

Mwaka 1898 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea. Sikukuu ya Krismasi ikaja pamoja nao. Huko Ulaya Desemba ni wakati wa baridi. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na shamba limelala. Huku kwetu Desemba ni mwezi wa kupanda. Ghala linapungua, na mvua inamwita mkulima shambani. Basi sikukuu ile ile, kule hufuata mavuno, huku huyatangulia kwa miezi mitano au zaidi.

Na Idd je? Idd hufuata mwezi mwandamo. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2000 Idd el Fitri na Krismasi ziliangukia wiki moja. Mwaka 2018 Idd el Fitri ilikuja mwezi Juni, wakati wa mavuno. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wote wanahitaji kutazama kalenda mapema.

Pili, GHALA. Watu wa Songea wanajua kuliko wengi maana ya ghala tupu. Katika Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, Wangoni walipigana na utawala wa Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wengi wa Wangoni. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Lakini waliokufa kwa njaa walikuwa wengi zaidi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na kuteketeza chakula. Njaa ile haikutokana na uvivu. Ilikuwa silaha ya vita.

Leo hatuna adui wa kutuchomea ghala. Basi tusilichome wenyewe.

Tatu, DAFTARI. Kilimo cha tumbaku kilipoenea, mwaka 1936 wakulima wa Ungoni na Umatengo waliunda chama kikuu cha ushirika, kilichoitwa NGOMAT. Fedha ikaingia nyumbani, lakini iliingia kwa mkupuo, baada ya mazao kuuzwa. Fedha ya mkupuo hujiona nyingi. Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 1969, alipoeleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa hotuba iitwayo "Kupanga ni Kuchagua". Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayejua kuandika na kuhesabu anaweza kupanga, na anayepanga huchagua kabla ya kulazimishwa.

Sasa tufanye hesabu. Jamaa moja imeweka gunia 12 za mahindi mwanzo wa Julai. Inakula gunia 1 kila mwezi. Chakula kinatosha mpaka mwisho wa Juni. Lakini ikiuza gunia 3, na kutumia 1 kwa pombe ya harusi, zinabaki 8. Chakula kitakwisha mwisho wa Februari. Ikitumia gunia 2 zaidi kwa wageni wa Krismasi, ghala litakuwa tupu mwisho wa Desemba.

Je, baadaye kunatokea nini? Januari watoto wanataka sare na madaftari. Baba na mama wanakwenda kulima kibarua shamba la jirani ili wapate chakula. Shamba lao wenyewe linajaa magugu. Mavuno yajayo yanapungua, na Krismasi ijayo inakuwa ngumu zaidi.

Dawa yake ni kuketi pamoja mwezi Julai, mume, mke na watoto wakubwa. Pigeni mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andikeni chakula cha nyumba mpaka mavuno. Upande wa pili andikeni sikukuu, wageni, nguo na shule. Gunia la sikukuu litiwe alama na liwekwe mbali. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Na mgeni akija, mtamkaribisha kwa moyo mweupe, kwa sababu sahani yake ilihesabiwa tangu mavuno.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Desemba ya Ulaya si sawa na Desemba ya Songea?
2. Njaa ya Vita vya Maji Maji ilisababishwa na nini?
3. Nyumbani kwako, nani hujua idadi ya magunia yaliyobaki?