Toleo Lipi? Miaka Ishirini ya Kuchagua Ubuntu na Ndugu Zake

Tarehe 20 Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu 4.10, mfumo endeshi wa bure uliokusudiwa mtu asiye fundi. Aliyeugharimia alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kusafiri angani mwaka 2002. Linux ilikuwepo tangu 1991, na Debian, iliyoizaa Ubuntu, tangu 1993. Lakini kuziweka kwenye kompyuta kulidai subira na ufundi. Ubuntu ilikaa kwenye CD moja, na kwa kila kazi ilichagua programu moja tu: moja ya kuandikia, moja ya kuperuzi, moja ya barua pepe. Anayeanza hakulazimika kuchagua chochote.

Shida ilikuwa kuipata. Kupakua CD nzima kwa intaneti ya wakati ule, katika miji mingi ya Afrika, lilikuwa jambo lisilofikirika. Ndipo ukaja mpango wa ShipIt: mtu aliandika jina na anwani yake, na CD zikamfikia kwa posta bila yeye kulipa hata gharama ya kuzituma. Nakala moja ilizunguka darasa zima, kisha chuo kizima. Mpango huo ulifungwa Aprili 2011.

Mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinashughulikia upande mwingine wa jambo hilohilo: lugha. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi: walimu na wanafunzi waliweza kuufungua, kuutafsiri na kuugawa bila kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote.

Kisha matoleo yakaongezeka, na maswali yakaanza. Kubuntu, yenye eneokazi la KDE, ilitoka Aprili 2005. Edubuntu ya mashuleni ikafuata Oktoba. Juni 2006 ikaja Ubuntu 6.06 pamoja na Xubuntu, iliyokusudiwa mashine zenye nguvu ndogo. Hiyo 6.06 ndiyo iliyobadilisha hesabu nzima, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kuitwa LTS, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu: miaka mitatu kwa kompyuta ya mezani na mitano kwa seva. Tangu 12.04 ya mwaka 2012, ya mezani nayo inahudumiwa miaka mitano. Matoleo ya katikati, yanayotoka kila miezi sita, yalikuwa yakihudumiwa miezi 18; kuanzia 13.04 muda huo ukapunguzwa hadi miezi tisa.

Kwa anayenunua intaneti kwa kifurushi, tofauti hiyo ni fedha taslimu. Anayefuata matoleo ya katikati hulazimika kupakua mfumo upya mara kwa mara. Anayeshika LTS, inayotoka Aprili ya kila mwaka shufwa, hupata marekebisho ya usalama na ya hitilafu, kidogo kidogo, kwa miaka.

Mgawanyiko mkubwa ulikuja 2011, Ubuntu 11.04 ilipoweka Unity kuwa eneokazi lake. Wengi waliozoea menyu ya juu na orodha ya madirisha walijikuta ugenini. Wengi wao walipata hifadhi Linux Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clement Lefebvre. Mint ilishikilia sura ya kawaida kwa maeneokazi ya MATE na Cinnamon, na tangu toleo la 17 la mwaka 2014 imejengwa juu ya LTS pekee. Ubuntu yenyewe iliiacha Unity mwaka 2017 na kurudi GNOME, eneokazi lake la awali.

Mwaka huohuo ikaacha kutengeneza nakala ya mezani ya biti 32. Kompyuta kuukuu ambazo Linux ilikuwa imezirefushia maisha zikaanza kukosa pa kwenda.

Hapa Kalemie, nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, historia hii ina uzito wa pekee. Katika jimbo hili la Tanganyika, kituo cha umeme cha Piana-Mwanga kwenye mto Luvua kilijengwa na kampuni ya Géomines kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Mashine kubwa zilikuja zikiwa na mwenyewe tayari. Mfumo huria hauna mwenyewe wa namna hiyo, na ndiyo maana inafaa kuuchagua kwa kipimo cha hapa. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, wakati Mint 22 haifiki GB 3. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 itapumua vizuri zaidi kwa Mint yenye eneokazi jepesi la Xfce. Yenye GB 8 itabeba Ubuntu yenyewe bila shida. Flashi moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kuhudumia mtaa, kama CD za ShipIt zilivyofanya.

Katika usimikaji, orodha ya kibodi ina mpangilio wa Kifaransa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na pia mipangilio ya Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Kiswahili cha Kongo hakimo katika orodha hiyo. Lakini njia waliyopita watu wa Kilinux bado iko wazi, na wanafunzi wa Kalemie na Lubumbashi wanaweza kuipita leo.