Hesabu ya Mzazi: Watoto Wasioona wa Buigiri

Katika mwaka wa 1950 palikuwapo, mashariki ya Dodoma, kazi mbili zilizoitwa maendeleo. Ya kwanza ilikuwa Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilikuwa ikifyeka vichaka tangu mwaka wa 1947 ili kupanda karanga. Matrekta yake yalitajwa hata katika bunge la London. Pauni zaidi ya milioni 35 zilitumika katika mpango mzima, na mwaka wa 1951 ukaachwa, kwa kuwa mvua ya Ugogo haikuitii kalamu ya ofisi. Ya pili ilikuwa Buigiri, kando ya barabara iendayo Morogoro, ambako Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wavulana wasioona, ya kwanza ya namna yake katika Tanganyika yote. Iliitwa Wilson Carlile, kwa jina la kasisi Mwingereza aliyeasisi Jeshi la Kanisa mwaka wa 1882. Karanga zimeandikiwa vitabu. Buigiri hupewa aghalabu sentensi moja, na yamkini sababu yake ni kwamba mavuno yake hayakupimika kwa ratili wala kwa ekari. Mpimaji wake wa kwanza alikuwa mzazi.

Ili kuifahamu hesabu ya mzazi huyo, yafaa kujua kwanza jinsi macho yalivyopotea. Wengi katika watoto wa zama zile walizaliwa wakiona. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1987 na madaktari wawili, mmoja wao akiwa Allen Foster aliyehudumu katika hospitali ya Mvumi, kusini ya Dodoma, uliwahusu watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda katika kioo cha mbele ya jicho. Zaidi ya theluthi ya vidonda hivyo vilifuata ugonjwa wa surua. Ukosefu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni vilikuwa na sehemu yake pia. Vikope, ambavyo Kongwa ilijulikana sana kwavyo, ni adui mwingine: huanza utotoni, lakini aghalabu hupofusha ukubwani.

Basi mama wa mtoto aliyepatwa na surua alikuwa amekwisha kuhesabu mara moja. Alikwisha kuona mwanawe akikaa, akitambaa, akisimama kwa kushika ukuta wa tembe, akiwakimbilia ndama. Kisha homa ikaja, na mtoto aliyekuwa akikimbia akawa wa kukaa pale alipowekwa. Hesabu ilirudi mwanzo, na safari hii hapakuwa na jirani wa kumwambia mama kinachofuata baada ya kipi. Mtoto anayeona hulinganishwa na wenzake wa rika. Huyu alilinganishwa na jana yake tu. Kuujua mlango kwa upepo wake, kumtambua mjomba kwa kikohozi kabla hajabisha hodi, kulifikia bakuli la mlenda bila kulipindua: hayo yalikuwa maendeleo, nayo hayakuonekana ila na mtu aliyekuwapo kila siku. Mgeni aliyepita aliona kipofu tu.

Neno hilo lenyewe lastahili kutazamwa. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote yameanza na ki, kama kiti na kisu, ingawa sarufi huyapa upatanisho wa watu: kipofu amekuja, hakijaja. Kama kwamba lugha ilisita katikati ya kitu na mtu, kisha kitenzi kikaamua kwa haki. Maneno mapya, asiyeona na mlemavu, hayana kusita huko.

Shule ilileta manufaa na ilileta gharama. Ilikuwa ya bweni, na haingeweza kuwa vinginevyo katika nchi ya vijiji vilivyotawanyika kama Ugogo. Mzazi aliyeona hatua moja moja nyumbani sasa alizikuta likizoni zikiwa furushi. Mtoto aliyeondoka akisema Kigogo peke yake alirudi na Kiswahili; aliyeongozwa kwa kushikwa mkono alirudi akitaka kutangulia. Furaha ya mama yamkini ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa kuwa jambo alilolingoja lilitukia mbele ya macho ya watu wengine.

Jambo kuu katika hayo lilikuwa kusoma. Maandishi ya Mfaransa Louis Braille, aliyefariki mwaka wa 1852, yana nukta sita tu, safu mbili za tatu tatu, na Kiswahili kinaafikiana nayo vizuri kuliko Kiingereza: kila herufi ina sauti yake, wala hakuna herufi za kimya za kumchosha kidole. Mwandishi atumiaji wa kibao na msumari hutoboa karatasi akianzia kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Maana yake hujifunza kila herufi mara mbili.

Wazazi wengine walingoja zaidi. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka wa 1963, na watoto wenye ulemavu wa akili hawakupata madarasa ya serikali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama wa hao aliendelea kuhesabu peke yake, pengine mwaka mzima kwa ajili ya neno moja au kifungo kimoja cha shati. Mwaka wa 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka wa 2010 ikatunga sheria yake. Kabla ya hapo mtoto alipelekwa shule kwa imani ya mzazi zaidi kuliko kwa haki yake mwenyewe. Na mzazi aliyeshindwa kuona dalili yoyote hakuwa na sababu ya kumtoa nyumbani.

Mzazi wa Buigiri, hata aliyejua kusoma, hakuweza kuisoma karatasi ambayo mwanawe alirudi nayo. Akiipitisha mkononi alikuta vipele tu. Ilimpasa kuketi, kumrudishia mtoto karatasi, na kumngoja aisome kwa sauti.