Babu wa Baba Mkwe na Nchi Zake Mbili

Baba mkwe wangu, Mmarekani wa Iowa, amekua akiambiwa kuwa babu yake alikuwa mwongo. Sensa ya mwaka 1900 inasema mzee alizaliwa Ujerumani. Ya mwaka 1930 inasema Denmark. Ukoo ukatoa hukumu: aliogopa. Mwaka 1918, Marekani ikipigana na Ujerumani, gavana wa Iowa William Harding alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, kanisani na hata kwenye simu. Nani angetaka kuitwa Mjerumani wakati ule?

Kwa vile mwandishi wa habari ni mimi, kazi ya kuchimba nikatupiwa mimi. Haya, nikaanza.

Wenzetu wana bahati. Huku kwetu ukitaka kumjua babu wa babu yako unamuwahi bibi kabla hajafariki. Denmark, mchungaji aliandika kila kitu: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Nyaraka za taifa zimeviweka vitabu hivyo kwenye intaneti, bure kabisa. Ila mwandiko jamani! Kama kuku kakanyaga wino akapita.

Halafu majina. Zamani Wadenmark walikuwa kama Juma bin Ali: mtoto wa Hans ni Hansen, na Jens Hansen akizaa, mwanawe ni Jensen. Jina linabadilika kila kizazi. Huko Schleswig serikali iliamuru majina ya ukoo yasibadilike mwaka 1771, Denmark yenyewe mwaka 1828, na wakulima wengi wakapuuza. Kumtafuta Hansen mmoja ni sawa na kuuliza Kariakoo, "Juma yupo?"

Nilimpata usiku wa nne. Alizaliwa 1866 karibu na Haderslev, Schleswig ya kaskazini, wazazi wakisema Kidenmark. Sasa angalia mwaka huo. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vita na Prussia na Austria, ikapokonywa Schleswig. Mwaka 1867 Prussia ikaimeza rasmi. Kijana akakua nyumbani kwao lakini chini ya bendera ya watu wengine, na alipofika miaka 19 akapanda meli kabla jeshi la Prussia halijamwita. Vijana wengi wa huko walifanya hivyo hivyo. Februari 1920 eneo hilo likapiga kura, asilimia 75 hivi wakachagua Denmark. Kwa hiyo mwaka 1900 kijiji kilikuwa Ujerumani, mwaka 1930 kilikuwa Denmark. Kilichohama ni mpaka.

Waliobaki yaliwakuta. Katika Vita vya Kwanza zaidi ya 5,000 walikufa wakiwa na sare ya Kijerumani. Wengine, sikiliza hii, walifika Tanga! Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza ikiwa na mabaharia wa Schleswig, waliochaguliwa kwa sababu walisema Kidenmark. Waingereza wakaipiga mizinga, na mabaharia wakaishia kupigana bara chini ya von Lettow-Vorbeck. Nimepita Manza mara ngapi bila kujua!

Nilipomsomea baba mkwe kwenye simu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba nakala ya ukurasa wa ubatizo, akamwonyeshe dada yake. Nilimtumia usiku ule ule.