Yaliyomo ndani ya mawe ya Singida na athari zake kwa maji ya kunywa

MAWE makubwa yaliyorundikana moja juu ya jingine ndiyo humvutia kwanza mgeni anayeingia mkoani Singida. Kwa wakazi wa kata za vijijini kama Mgori, wilayani Singida, miamba ina uzito zaidi ya mandhari: udongo wanaoulima na maji ya visima hupata sifa zake kutokana na kilichomo ndani ya jiwe.

Kwa mujibu wa elimu ya jiolojia, mwamba ni mkusanyiko wa madini, na madini hutokana na elementi. Oksijeni pekee huchukua takriban asilimia 46 ya uzito wa gamba la dunia, ikifuatiwa na silikoni yenye asilimia 28.

Mwamba uliotapakaa zaidi Singida ni graniti, sehemu ya ukanda mkongwe wa katikati ya Tanzania wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti hutokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana punje zake huonekana kwa macho. Zinazong'aa kama kioo ni kwatzi, nyeupe au za waridi ni feldispa, na vipande vyeusi vinavyobanduka kama karatasi ni ulanga mweusi.

Jua na mvua vinapoumomonyoa mwamba huo, feldispa hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, huku kwatzi ikibaki mchanga.

Ulanga mweusi huwa na floridi kidogo. Maji yanapokaa muda mrefu katika nyufa za mwamba, huiyeyusha. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vimebainika kuwa na floridi nyingi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Ikizidi, watoto huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikubwa zaidi kikitumiwa kwa miaka mingi huathiri mifupa.

Floridi iliyomo majini haionekani wala hainuki. Kuchemsha maji hakuiondoi. Visima viwili vya jirani navyo huweza kutofautiana, kwa kuwa nyufa za mwamba hazilingani. Kwa sababu hiyo, kila kisima kipya hakina budi kupimwa maabara kabla wananchi hawajaanza kukitumia.