Viza ya Mstaafu au Kibali cha Ukaazi?

Mtu wa Rusizi, wilaya ya Rwanda inayopakana na Kongo, akikaribia umri wa pensheni, mara nyingi ana mtu ng'ambo. Binti ameolewa Bukavu upande wa Kongo, kijana yuko Mombasa au Dar es Salaam, au kuna kiwanja alichonunua zamani alipokuwa akifanya kazi upande wa pili. Siku akiwaza kwenda kumalizia uzee wake huko, huuliza: naomba "viza ya kustaafu" wapi? Wengine husema "viza ya mstaafu". Kijana wa Kamembe, mji wa Rusizi, anayemjazia fomu kwenye simu huandika "viza" basi. Neno hilo limebebeshwa mambo mawili ambayo sheria imeyatenga, na kosa la istilahi hapa linamgharimu mzee fedha, nauli na miezi ya kungoja.

Tuanze na viza yenyewe. Asili yake ni Kilatini, karatasi "iliyoonwa": ofisa ameikagua na hana pingamizi mwenye nayo aingie. Kazi yake inaishia mlangoni. Ukishaingia, unaulizwa jambo jingine, nalo ni haki yako ya kukaa. Idara ya Uhamiaji ya Tanzania imelitenga vizuri jambo hili kwa Kiswahili chake cha kila siku: viza ni ya kuingia, na kukaa kunahitaji "kibali cha ukaazi". Rwanda nayo ina utaratibu wa namna hiyo, na Kinyarwanda kinatumia neno uruhushya, yaani ruhusa.

Ukivuka daraja la mto Rusizi kuingia Kongo, mambo yanageuka. Sheria za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa cha huko ruhusa ya kukaa nayo huitwa viza: ipo viza ya makazi ya kawaida, ipo viza ya makazi kwa ajili ya kazi, na zote hutolewa na idara ya uhamiaji, DGM. Kwa hiyo mtu wa Bukavu akisema "viza" huenda anamaanisha karatasi ya kuishi miaka, na mtu wa Kamembe akisikia "viza" anafikiria muhuri wa kuingilia. Wanazungumza Kiswahili kimoja na hawaelewani.

Chukua mfano wa muuguzi aliyestaafu Bukavu ambaye anataka kuishi Kamembe karibu na wajukuu. Anafika dirishani na kuuliza kama anahitaji viza. "Hapana mama, wewe huhitaji viza," anajibiwa, na jibu ni sahihi. Anarudi nyumbani na kufunga mizigo. Siku zake za mgeni zikiisha, anaambiwa amekaa kinyume cha sheria. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza habari za mlango, naye akajibiwa habari za mlango.

Ni rahisi kupotea hapa kwa sababu kuvuka mto Rusizi ni jambo la kila siku. Wilaya hii, kiini cha mkoa wa zamani wa Cyangugu uliovunjwa mwaka 2006, imeishi kwa mpaka. Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, mwaka 1976 huko Gisenyi, na hati yake ya kusafiria ikawazoeza watu wa pande zote kuvuka bila makuu. Baadaye Rwanda na Burundi zikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata 2022. Tangu 2014, Mnyarwanda anaingia Kenya na Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Mtu aliyezoea hivyo ni vigumu kumshawishi kwamba kuna mlango wa pili, na kwamba huo haufunguki kwa kitambulisho.

Sasa mstaafu. Kitenzi kustaafu tumekitoa kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kuomba kuachiliwa, kusamehewa kazi. Kinyarwanda kinasema mtu amekwenda kwenye kiruhuko cy'izabukuru, mapumziko ya uzee. Maneno yote mawili yanamweleza mtu aliyefanya kazi, akachoka, akapumzishwa. Sheria za uhamiaji zinamtazama kwa jicho jingine, na ukizisoma kwa makini utaona haziulizi kama umechoka. Zinauliza fedha zako zinatoka wapi.

Tazama Kenya. Kibali kinachotumiwa na wastaafu wa kigeni ni cha daraja K, na jina lake rasmi halitaji kustaafu hata kidogo. Ukilifasiri ni "mkaazi wa kawaida". Umri unaotakiwa ni kuanzia miaka 35, umri ambao kwetu mtu bado anatafuta cheo. Sharti lenye uzito ni kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, kisichotokana na kazi, pamoja na ahadi ya kutoajiriwa nchini. Thailand, ambayo wazee wa Ulaya na Marekani wanaifahamu sana, inataka umri wa miaka 50 na akiba ya baht 800,000 benki, au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Tanzania inawaweka wastaafu katika kibali cha daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea. Ukichambua kundi hilo utaona kinachowaunganisha: ni watu waliokuja kwa sababu nyingine isiyo biashara wala ajira ya kawaida.

Kwa hiyo maana ya kisheria ya istilahi yetu ni hii: ruhusa ya kuishi katika nchi ya kigeni anayopewa mtu mwenye mapato yanayomjia bila kufanya kazi katika nchi ile, kwa sharti la kutofanya kazi humo. Umri unaweza kuwemo au usiwemo. Mapato na katazo la kazi ndiyo moyo wake.

Hapo ndipo mzee wa Rusizi anapokwama. Kibali cha namna hii kilishonwa kwa kipimo cha Mwitaliano wa Malindi au Mwingereza wa Diani, huko pwani ya Kenya, ambaye pensheni yake ya Ulaya inatosha kula, kupanga nyumba na kulipa mtunza bustani. Angalia hesabu ya upande wetu. Januari 2025 Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, ilipandisha kiwango cha chini cha pensheni kutoka faranga 13,000 hadi 33,710 kwa mwezi. Lilikuwa ongezeko kubwa, na wazee walilistahili. Kwa bei ya dola ya wakati huo, iliyokuwa karibu faranga 1,400, kiasi hicho hakifiki dola 25. Anayepokea kiwango hicho angehitaji zaidi ya miaka 80 kupata jumla ya dola 24,000 ambazo Kenya inataka zionekane kwa mwaka mmoja. Aliyekuwa mhasibu wa kiwanda cha saruji cha Bugarama bila shaka anapokea zaidi ya kiwango cha chini, lakini hata akipata mara kumi bado hajaukaribia mlango huo.

Katazo la kazi nalo linamkuta vibaya. Kwetu mtu hustaafu ofisini, hastaafu shambani. Mwalimu aliyeacha chaki huamka mapema zaidi kuliko alipokuwa akifundisha, kwa sababu sasa ana ng'ombe wawili, mgomba na kibanda cha kuuzia sukari na sabuni. Mapato yake ya uzeeni ni jasho lake la uzeeni. Mbele ya ofisa wa uhamiaji mtu huyu si mstaafu, ni mfanyabiashara asiye na kibali.

Wengi wanaamini Jumuiya ya Afrika Mashariki imelimaliza jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake kuna ibara nzima, ya 14, kuhusu haki ya ukaazi. Isome polepole. Haki hiyo inatolewa kwa raia walioingia kwa mujibu wa ibara ya 10 na ya 13, yaani wafanyakazi na waliojiajiri au kufungua biashara. Kisha inawafuata mwenzi, mtoto na tegemezi wao. Ukaazi wa kudumu umeachiwa sera na sheria za kila nchi. Mstaafu hatajwi. Akiwa mgeni, anaweza kuingia bila viza na kupewa muda wa hadi miezi 6, lakini huo ni utembezi. Rwanda na Kenya zimefutiana hata ada ya vibali vya kazi, hivyo kijana wa Rusizi anayekwenda Nairobi kuajiriwa ana njia iliyosafishwa, na baba yake aliyefanya kazi miaka 40 hana.

Njia inayobaki wazi ni kupitia mtoto. Mzee ambaye mwanawe ana kibali cha kazi anaweza kuombewa ukaazi kama tegemezi. Inasaidia, na anayeweza kuitumia aitumie. Lakini linanichoma neno lenyewe: mtu mwenye pensheni yake, aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa miongo, analazimika kuthibitisha kwa maandishi kwamba anamtegemea mtoto wake, kwa kuwa sheria haina nafasi ya mzee anayejitegemea kwa kipato kidogo.

Wenzetu wa Ulaya waliwahi kuwa hapa hapa. Mkataba wa Roma wa 1957 ulifungua njia kwa wafanyakazi. Waliokwisha kuacha kazi wakasubiri hadi Juni 1990, ilipopitishwa amri ya pamoja iliyowapa wastaafu haki ya kuishi katika nchi yoyote mwanachama, mradi wawe na bima ya afya na kipato cha kutosha wasiwe mzigo kwa mfuko wa misaada wa nchi mwenyeji. Kwa kawaida kiwango hicho kilipimwa kwa maisha ya raia wa nchi ile ile, si kwa utajiri wa mgeni wa kutoka mbali. Hicho ndicho kipimo kinachotufaa.

Kuna istilahi moja jirani ambayo mhamiaji mzee lazima aijue: cheti cha uhai. Mifuko ya pensheni hutaka mpokeaji athibitishe kwamba bado yu hai, na anayeishi nje ya nchi huulizwa zaidi. Bila ukaazi halali, mzee hukwepa ofisi za serikali. Akizikwepa, hapati mtu wa kumthibitishia karatasi. Karatasi ikikosekana, pensheni husimama. Na hata karatasi zikikamilika, njia ya fedha inaweza kukatika. Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, benki za mji zilifungwa, na waliokuwa wakipokea mishahara na pensheni kupitia akaunti wakabaki wakihangaika.

Turudi kwenye kibali chetu: tukiite nini basi? "Viza ya kustaafu" siipendekezi: inasikika kama ruhusa ya kuacha kazi, na inamrudisha mzee mlangoni. "Viza ya mstaafu" inatajwa sana na haitafutika katika mazungumzo, lakini ibaki huko. Katika fomu, sheria na tafsiri tuandike "kibali cha ukaazi cha mstaafu". Wakenya waliozoea kusema ukaaji waseme ukaaji, maana haibadiliki. Mashariki ya Kongo, ambako Kifaransa kimeshaitawaza viza, wafasiri waandike "viza ya makazi" wakiongeza mara ya kwanza kwamba ni kibali cha ukaazi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingetufaa sana ikiliweka jambo hili sawa kwa nchi zote, na nchi wanachama zingetufaa zaidi zikimwongeza mstaafu katika ibara ya 14.

Wakati tukingoja hayo, wewe unayejiandaa kuhama, au unayemsindikiza mzazi wako dirishani, usiulize habari za viza peke yake. Ukiambiwa haihitajiki, shukuru, kisha uliza: naruhusiwa kukaa muda gani, muda huo ukiisha naomba kibali gani cha ukaazi, na nikiwa nacho naruhusiwa kulima na kuuza? Omba jibu kwa maandishi kabla hujauza nyumba yako.