Wapiga Kengele wa Uingereza, na Funzo kwa Chama Chetu

Wale mliosoma nami mtakumbuka kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilipewa kazi ya kupiga kengele ya shule. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni. Asubuhi moja nilipitiwa na usingizi, na shule nzima ikachelewa paredi. Adhabu niliyoipata mnaijua. Leo napenda kuwasimulia habari za wapiga kengele wengine, ambao kazi yao haiwezi kufanywa na mtu mmoja, na jinsi walivyojenga vyama vilivyodumu.

Huko Uingereza ipo minara zaidi ya 5,000 ya makanisa ambayo kengele zake zimefungwa kwenye magurudumu. Mpigaji akivuta kamba, kengele huzunguka mzunguko kamili. Kila kengele ina kamba yake na mtu wake. Kwa kuwa ni nzito, haiwezi kuharakishwa ili itoe wimbo. Kwa hiyo, tangu karne ya 17, Waingereza walianza kubadili zamu za kengele badala ya kupiga nyimbo. Ninyi vijana wa hesabu mtaona upesi: kengele 3 zina mipangilio 6, kengele 4 zina 24, na kengele 7 zina 5,040. Kitabu cha kwanza juu ya sanaa hiyo, Tintinnalogia, kilitoka mwaka 1668. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, mipangilio yote 5,040 ilipigwa bila kurudia hata mmoja. Kazi ya namna hiyo huchukua kama saa tatu, na wapigaji hufuata mpango kwa kichwa, bila kusoma karatasi.

Lakini ustadi ni jambo moja, na adabu ni jambo jingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 wapiga kengele wa minara mingi walijulikana kwa ulevi. Walipiga kwa ajili ya fedha, kisha wakaondoka kabla ya ibada kuanza. Makasisi walichoshwa nao. Mmoja wao, H. T. Ellacombe wa Bitton, ambaye kwa hakika alizipenda sana kengele, alibuni mtambo mwaka 1821. Nyundo zilifungwa kando ya kengele, na kamba zake zote zikakusanywa mahali pamoja, hata mtu mmoja akaweza kuzigonga zote. Mtambo huo ulienea katika makanisa mengi. Fujo zilikwisha, lakini watu nao walikwisha mnarani. Tena sauti ya kengele iliyosimama ikigongwa kwa nyundo hailingani na ya kengele inayozunguka.

Wengine walichagua njia ndefu zaidi, yaani kuwafundisha watu badala ya kuwaondoa. Mwaka 1874 wapiga kengele wa jimbo la Devon walianzisha chama chao, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1891 Arthur Heywood aliviunganisha vyama hivyo katika Baraza Kuu, na mwaka 1911 likaanzishwa gazeti lao la kila wiki, The Ringing World.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilipata bahati ya kupanda mnara mmoja wa kijijini jioni ya mazoezi. Kengele zilikuwa sita, lakini wenyeji waliofika walikuwa wanne tu. Wawili walikuja kutoka kijiji jirani ili idadi itimie. Nikaambiwa kwamba wiki ifuatayo wenyeji wale nao wangekwenda kusaidia huko. Kabla ya wote kuanza, bibi mmoja mwenye mvi alikuwa akimfundisha kijana. Ulimi wa kengele ulikuwa umefungwa ili majirani wasisumbuliwe na makosa ya mwanafunzi. Bibi alisimama mbele yake, mikono yake ikiwa tayari karibu na kamba. Kijana alipokosea, aliidaka. Alipopatia, aliiacha. Baadaye nilielezwa kwamba mnara una kapteni, katibu na mtu wa kutunza kamba, na kwamba ada za wanachama wa jimbo huchangia mfuko wa kutengeneza kengele mbovu, hata za kijiji kisichojiweza.

Utaratibu huo ulipimwa kwa majaribu makubwa. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 walikufa wapiga kengele wapatao 1,400. Mwezi Juni 1940 serikali ilipiga marufuku kengele za makanisa, zisipigwe ila kutangaza uvamizi wa adui. Ziliruhusiwa tarehe 15 Novemba 1942 kwa ushindi wa El Alamein, na marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 1943. Miaka mingi baadaye ulitolewa wito wapatikane wapigaji wapya 1,400, kuziba nafasi za wale waliokufa vitani. Walijitokeza wengi kuliko idadi hiyo. Tarehe 11 Novemba 2018, vita ilipotimiza miaka 100 tangu ilipokwisha, kengele zilipigwa nchi nzima. Watu hao wapya wasingeweza kupokewa kama pasingekuwapo wazee waliozoea kusimama kando ya mwanafunzi.

Ndugu zangu, nimeyaeleza haya kwa sababu yananihusu. Katika mkutano wetu uliopita tulihudhuria watu 18, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alimaliza kidato cha nne zamani za kutosha kuwa na mtoto wa shule. Tulizungumza vizuri juu ya michango ya misiba. Hatukumtaja mwanafunzi hata mmoja wa sasa. Mimi ni mweka hazina wenu kwa mwaka wa saba. Kila alipokosekana mtu wa kuandika barua, kukusanya ada au kukodi ukumbi, nilifanya mwenyewe, nanyi mkanisifu. Sasa naona kwamba nimejifanya mtambo wa Ellacombe, kamba zote mkononi mwangu. Siku nikipitiwa tena na usingizi, chama kizima kitachelewa paredi.

Kwa hiyo naomba kila mwanachama aje mkutano ujao na kijana mmoja aliyemaliza karibuni. Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili madarasani, msingoje kualikwa. Daftari la hazina liko kwangu. Namtaka kijana wa kulishika, akosee na kusahihishwa, nami nisimame kando yake mpaka mkono wake uzoee.